Kidonge cha Ijumaa

Katika ukoo wetu mimi ndiye niliyekuwa nikiwacheka watu wanaopandwa na mashetani. Nilisomesha hesabu skuli ya msingi kwa miaka mingi, na jambo lisilojibika ubaoni sikulipa nafasi. Leo Mkunazini nzima inajua kuwa mimi ni kiti cha ruhani, mtu anayekaliwa na pepo, tena ruhani wa heshima kutoka Arabuni, mpenda udi na maji ya waridi. Mwenye makosa ni mfupa wa mkono wangu wa kushoto.

Lakini nianze na sukari, maana ndiyo iliyotangulia. Ugonjwa huo ulinipata mwaka 1985, nikiwa na miaka thelathini, mwembamba tayari bila ya msaada wa maradhi. Hospitali walinieleza kwamba mwili wangu umeacha kutengeneza insulini, kwamba nitajidunga kila siku ya maisha yangu, na kwamba nisiogope. Nilirudi nyumbani na bomba la kioo la kuchemsha, sindano mbili na vichupa vitatu vya insulini, nikiogopa.

Wifi yangu, mke wa kaka, ndiye aliyekuja kunichukua. Tulikuwa tukikaa nyumba moja, ya urithi, wao ghorofa ya kati na mimi juu kabisa, ngazi ishirini na saba kutoka mlango wa nje. Katika maelezo yote ya muuguzi siku ile, wifi alishika maneno mawili tu: sukari mwiko. Tulipofika nyumbani hata buibui hakuvua. Alikwenda moja kwa moja jikoni, akalitia bakuli la sukari kabatini, akafunga, na ufunguo akaufunga kwenye ncha ya kanga yake. Ukakaa hapo miaka ishirini.

Jirani alikuja jioni hiyo hiyo. Nyumba yake inatazamana na yetu, uchochoro katikati mwembamba kiasi kwamba watu wa madirisha mawili wanaweza kupeana chumvi. Alinizidi miaka kama kumi, na mtaani alikuwa bado mgeni. Yeye na mumewe walihamia mjini kutoka Mangapwani mwaka uliopita, wawili tu, bila ya mtoto, na mtaa ulikuwa umeshampa jina ambalo hupewa mwanamke wa namna hiyo. Alikuwa na friji. Sisi hatukuwa nayo.

"Lete vichupa vyako," akanambia. "Nnapo pa kuviweka. Kwenye mlango wa friji, mbali na barafu. Ikiganda haifai tena."

"Nani kakwambia, dada?"

"Nnajua tu."

Nilidhani kasoma kwenye boksi, ingawa hata barua za kwao Mangapwani alikuwa akiniletea mimi nimsomee.

Wifi nilimsomesha. Nilimweleza kuwa sindano ikizidi chakula, sukari hushuka. Mtu hutetemeka, hutoka jasho, akili humruka, na akiachwa hufa. Na dawa yake wakati huo ni sukari hiyo hiyo, upesi. Alinisikiliza mpaka mwisho kwa huruma kubwa.

"Wifi," akasema, "ulevi nao ndo hivohivo. Mlevi akitetemeka, hudai pombe."

Basi nikawa mwizi ndani ya nyumba ya baba yangu. Nilificha peremende chini ya mto, ndani ya mkoba, ndani ya chungu cha mrehani dirishani. Miaka hiyo watu walikuwa wakikamatwa kwa magendo ya karafuu. Mimi nilikuwa nikikamatwa kwa magendo ya peremende. Kila Alkhamisi wifi alisafisha nyumba nzima kwa ajili ya Ijumaa, na kila Alkhamisi alishuka na mzigo wangu kwenye kibati, anatikisa kichwa, anamwita kaka aje kuona. Alikuwa akinipenda, sina shaka. Kila nikikumbuka namna alivyokuwa akinipenda, natoka jasho.

Tukaishi hivyo. Bomba la kioo likaondoka, zikaja sindano za kutupa. Nywele zetu sote zikaanza kubadilika rangi, na za wifi zikabadilishwa tena kwa hina. Halafu, nikiwa na miaka hamsini kasoro kidogo, nikashuka ngazi asubuhi moja kwenda skuli nikakosea hatua ya tatu kutoka chini. Hatua ya tatu! Mtoto anayetambaa angeshuka pale akalia kidogo akanyamaza. Mimi nilivunjika kifundo cha mkono.

Nyumba ikajaa watu wa kunitazama. Sisi hatujui kumzuru mgonjwa mikono mitupu, kwa hiyo kila aliyekuja kuutazama mkono wa mgonjwa wa sukari alileta halua. Wifi aliipokea kwa niaba yangu na akaila kwa niaba yangu. Na kila aliyekaa alikuwa na dawa ya mfupa: supu ya makongoro, maziwa ya ngamia, mzee mmoja wa Makunduchi anayeunga mfupa kwa kumvunja kuku mguu kisha akamganga kuku, akipona kuku na wewe umepona. Nilimwonea huruma kuku.

Daktari wangu, mwanamke mwenye sauti ya chini, aliishikilia picha ya mkono kwenye mwanga kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda.

"Mwalimu, mfupa mzima hauvunjiki kwa kuanguka kule," akasema. "Mifupa yako imekonda kwa ndani. Miaka ishirini ya sukari, na damu yako ya mwezi imekatika mapema. Leo mkono. Ukianguka tena, naogopa nyonga."

Nyonga. Hakujua alichokitamka. Mama yangu alivunjika nyonga katika ngazi zile zile. Walimpandisha juu kwa kiti, wakamlaza, na hakunyanyuka tena. Alilala miezi tisa. Watu walikuwa wakija kuzungumza juu ya kichwa chake, wakiuliza kama amekula, kama amelala, kama bado anasikia, na yeye macho wazi anawatazama. Mama alikuwa na maneno makali kuliko sote, na aliondoka hana hata mtu wa kumgombeza. Sikuogopa kufa kama nilivyoogopa kitanda kile.

Na kaka alikuwa na lake. Alikuwa ameshajenga Mwanakwerekwe, nyumba ya chini, bati jekundu, na huko alikuwa ameniwekea chumba karibu na jikoni na karibu zaidi na choo. Chumba changu cha juu alikuwa ameshakitolea macho mzungu mmoja aliyetaka kukifanya cha wageni, kitanda cha kale, chandarua, na waridi kwenye sinia. Kaka hakuwa mtu mbaya. Alinikalisha chini, akaitazama plasta yangu.

"Dada'angu, mara hii nimenyamaza. Lakini n'kwambie, ukianguka mara moja tena, tunahamia Mwanakwerekwe. Sitokupandisha ngazi hizi kwenye kiti kama mama."

Nikamwambia sawa, kwa sababu ilikuwa haki. Chumba kile ndimo nilimozaliwa. Asubuhi nikifungua dirisha naona bati, minara, paka wa watu juu ya kuta, na kipande cha bahari kama kiganja. Sikutaka kuona choo.

Kwa hiyo kidonge. Daktari alisema kipo kidonge cha mifupa, kimoja kwa wiki, na hapa mjini wakati ule hakikupatikana, ila mtoto wa kaka alikuwa Maskati na akakileta. Ndani ya boksi mlikuwa na karatasi ndefu ya maelezo, upande mmoja Kiingereza, upande mmoja Kiarabu. Kaka hakusubiri. Baada ya magharibi alivaa miwani akausoma ule upande wa Kiarabu kwa sauti, taratibu, kwa kuvuta panapovutwa. Alipofika kwenye orodha ya madhara sauti ikampanda zaidi, na wifi, ambaye Kiarabu chake hakitoki nje ya sala, akaitikia "Amin" kwa vidonda vya koo. Kisha karatasi ikakunjwa kwa adabu na kuchomekwa juu ya mlango, maana maandishi kama yale hayatupwi chini. Mimi niliyekuwa na haja nayo nililazimika kupanda stuli, na mifupa yangu hiyo, kwenda kusoma namna ya kujikinga na kuanguka.

Masharti yalikuwa haya. Kidonge kinamezwa asubuhi, tumbo tupu, na bilauri nzima ya maji. Baada ya hapo nusu saa usile, usinywe chai, usilale, usiiname, la sivyo kinarudi juu na kuchoma koo. Kwa mtu mwingine hayo ni masharti mepesi. Mtu mwenye sukari yangu hana tumbo tupu la kuchezea. Sindano yangu ya asubuhi ilitaka chakula nusu saa baadaye, na alfajiri nyingine niliamka sukari tayari iko chini, sina budi nile hapo hapo.

"Dawa hii haina ugomvi na insulini," daktari alinambia. "Ugomvi wako utakuwa wa saa. Ukiamka jipime kidole. Sukari ikiwa chini, kula, kidonge kiache mpaka kesho. Ikiwa nzuri, meza, simama nusu saa. Halafu ndo ujidunge, halafu ule. Usigeuze mpangilio."

Nilikaa na boksi lile mwezi mzima bila ya kulifungua. Nilikuwa nikilipima kama wanavyopima samaki Darajani. Upande huu niliweka kitanda cha mama. Upande ule nilijiweka mimi, peke yangu juu, nimesimama na tumbo tupu, nikatetemeka, nikaanguka na kuvunja nyonga ile ile ninayoitibu. Mizani haikulala upande wowote. Mwisho niliota mama ananiuliza nimekula, nikaamka nikafungua boksi.

Siku ya kidonge iliwekwa Ijumaa. Kaka alisema ina baraka, na mimi sikuona sababu ya kubishana juu ya siku. Laiti ningebishana. Ijumaa inatanguliwa na Alkhamisi, na Alkhamisi ni siku ya wifi ya kusafisha.

Ijumaa za mwanzo zilikwenda vizuri. Nilisali alfajiri kwanza, maana baada ya kidonge nisingeweza kurukuu. Nikapima kidole, nikameza, nikasimama dirishani na bilauri mkononi, nikihesabu dakika kwa midomo. Sasa fikiria unachokiona ukiwa chini uchochoroni: mwanamke mtu mzima, amejitanda nguo nyeupe, Ijumaa, jua halijatoka vizuri, amesimama wima kama nguzo, midomo inamcheza, na bilauri ya maji mbele yake. Ijumaa ya tatu wifi alinipandishia chupa ya maji aliyopewa mlangoni.

"Ya nini?"

"Mwenyewe kasema umsomee. Ana goti."

Nilimrudishia chupa vile vile ilivyokuja. Wiki ya pili yake zikaja tatu, na habari kwamba goti limepona. Nilisimama ngazini nikatangaza kwamba ninahesabu dakika za dawa ya mifupa. Watu walitazamana. Mwenye siri, wakasema, haitoi.

Kosa lililofuata ni langu, na nitalibeba mwenyewe. Ule mpangilio wa daktari ulikuwa na nusu saa mbili: ya kusubiri kidonge, kisha ya kusubiri sindano ifanye kazi kabla ya kula. Saa nzima, na mimi ni mtu wa njaa. Mwalimu wa hesabu nikaona mahali pa kupunguza. Nikijidunga na kumeza kwa wakati mmoja, nusu saa ile ile itahudumia vyote viwili, na chai itanikuta tayari. Niliiandika pembeni mwa daftari na nikajipa tiki. Vijiti vya kupimia kidole vilikuwa vimekwisha, vingine viko njiani kutoka Maskati, kwa hiyo nilijipima kwa kujisikia. Nilijisikia vizuri.

Nilimeza, nikajidunga, nikasimama. Chini nilimsikia wifi anagombana na jiko la mafuta lililokataa kuwaka. Dakika ya kumi na tano jasho likanianza mgongoni. Nazijua dalili zangu kama ninavyojua hesabu ya mara saba. Nikatia mkono kwenye chungu cha mrehani: udongo. Chini ya mto: shuka safi, imenyooshwa. Jana ilikuwa Alkhamisi. Nikarudi dirishani nijishike, nikaitazama bilauri iliyokuwa mkononi mwangu na nikawa sijui ni kitu gani, wala mkono wa nani. Halafu ilikuwa haipo, na chini uchochoroni kitu kilipasuka.

Yaliyofuata nayakumbuka vipande vipande. Dirisha la jirani, uso wake, kisha dirisha tupu. Miguu inapanda ngazi zetu. Sauti yake na ya wifi chini, zinagombana, sikusikia maneno. Halafu jirani yangu, mwanamke ambaye miaka ishirini sikumsikia hata akimwita mumewe kwa nguvu, akapiga ukelele uliomtoa kaka chooni.

"Pisheni! Pisheni njia! Huyu haumwi huyu, huyu kashukiwa! Ruhani!"

Akaingia, akanishika mabega akanikalisha sakafuni, akapiga magoti mbele yangu. Hapo ndipo wifi alipofika mlangoni, mkono kifuani.

"Karibu mgeni," jirani akanambia kwa adabu ambayo hajawahi kuniambia nayo mimi. "Umetoka mbali. Unataka nini?"

"Sukari," nikasema. Ndilo neno pekee lililobaki.

"Anataka asali," akatafsiri jirani bila ya kugeuka. "Na halua. Na asisubirishwe, hawa wakisubirishwa hukasirika."

Nikamwona wifi anafungua fundo la kanga. Miaka ishirini niliuomba ufunguo ule kwa elimu, kwa hasira, na mara mbili kwa machozi. Ruhani aliuomba mara moja. Zaidi ya hofu, nadhani ilikuwa fahari. Kila ukoo mkubwa mjini ulikuwa na ruhani wake, na sisi tuliojigamba kwa nasaba hatukuwa na kitu. Angekuwa kibuki, pepo wa kisiwa cha Bukini anayetaka brandi, wifi angenifungia nje. Ruhani ni Muislamu, msafi, na anakula halua.

Asali ikaingia kinywani, na maji ya waridi, na asali tena. Dunia ikarudi kidogo kidogo, ikinukia udi. Nilijikuta nimeegemea ukuta, asali mpaka kidevuni, na kaka yuko kizingitini, kofia mkononi. Jirani alikuwa anamalizia mazungumzo na mgeni, ambaye alikuwa ni mimi na sikuwa nimesema kitu.

"Anasema anapenda hapa juu. Pana hewa. Kiti chake kisiteremshwe."

Kaka akakohoa. "Hata Mwanakwerekwe? Kuna chumba kizuri."

"Kasema Mwanakwerekwe pana vumbi."

Mchana wa siku ile kaka alikuja peke yake, akakaa ukingoni mwa kitanda. Alisema mambo haya ni ushirikina mtupu na hayana nafasi katika dini, na kwamba mimi na elimu yangu tunapaswa kuona haya. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo, kama ruhani anapendelea udi wa Kihindi au ule mwingine. Niliuliza kuhusu agano letu: nimeanguka au sikuanguka? Wifi akajibu kutoka ngazini, ambako alikuwa akifagia sisimizi. Ngazi yetu ilijaa sisimizi wiki ile nzima, hatua ya kumi na ya kumi na moja.

"Hakuanguka," akasema. "Kateremshwa polepole. Nimeona kwa macho yangu."

Hakuwepo nilipoteremka, lakini sikumsahihisha. Yule mzungu aliambiwa chumba kina mwenyewe. Nami nikanyamaza, mimi niliyewasimamisha watoto wa watu pembeni kwa kuogopa mashetani. Kila nilipotaka kusema kweli nilikiona choo cha Mwanakwerekwe.

Kidonge nilikiacha. Ijumaa mbili boksi lilikaa mezani na nilipita mbali nalo. Mwanzo niliogopa kulala kama mama; sasa niliogopa na kusimama. Nilikwenda kwa daktari nikamkiria yote, pamoja na ile tiki niliyojipa. Ruhani alimchekesha mpaka akavua miwani. Zile nusu saa mbili hazikumchekesha.

"Mifupa yako inakitaka kidonge, hilo sibadilishi," akasema. "Lakini sitaki umeze ukiwa peke yako. Pawe na mtu anayekutazama, na sukari iko mkononi mwake, si kabatini. Ukiwa huna mtu huyo, niambie, tuache, tutafute njia nyengine. Unaye?"

Nilifikiri njia nzima ya kurudi nyumbani. Wifi angekaa nami kwa furaha, na angeniangalia nikitetemeka kwa furaha ile ile, akisubiri ruhani ajitambulishe kwanza. Kaka angesoma karatasi. Nikaona sina.

Ijumaa ya tatu nimekwisha kusali, nikasikia hodi. Jirani aliingia na sahani ndogo iliyofunikwa kawa.

"Shikamoo dada."

"Marahaba, Bi Mwalimu. Ushameza?"

"Simezi tena." Na kwa kuwa lilikuwa limenikaa kooni wiki tatu, nikalitoa. "Dada, mimi siwezi kukudanganya na weye. Hakuna ruhani. Ilikuwa sukari imeshuka."

"Nnajua," akasema. "Kwani nani aliyemleta?"

Aliiweka sahani dirishani, akaivuta kanga yake.

"Nlikuona jasho, nlikuona unatafuta kwenye mrehani. Nkaja na gao la sukari kiganjani. Wifi yako kanikamata ngazini, kaniuliza nnataka kukuua, kanipiga mkono, yote ikamwagika. Nkaona nikikaa kumsomesha, utakufa sijafika nusu. Hapo hapo nkamleta mwarabu."

Hatua ya kumi na ya kumi na moja. Sisimizi wa wiki nzima, na mwalimu wa hesabu hakujumlisha.

"Lakini umejuaje, dada? Madaktari wenyewe mwanzo ilikuwa tabu kunielewesha mimi."

Aliondoa kawa. Chini yake palikuwa na sukari nyeupe, na kijiko.

"Nlikuwa na mtoto Mangapwani," akasema. "Mwanamke. Alikuwa na sindano kama zako. Vichupa tukivifukia mchangani, chini ya mtungi, pakawa baridi. Siku hiyo kaanza kutetemeka, kanambia mama nipe chai ya sukari. Na mie nshaambiwa sukari mwiko. Nkamnyima. Akawa anatambaa kwenda kwenye kopo, nkamshika mikono. Nlimshika kwa mapenzi, Bi Mwalimu. Mpaka kanyamaza." Alikipanga kijiko sawa na ukingo wa sahani. "Alikuwa na miaka tisa. Baadaye yule tabibu ndo kanieleza. Na mume wangu akasema tuhame."

Miaka ishirini mtaa ulimwita tasa. Sikuwahi kulitamka jina hilo mbele yake, lakini nililisikia na kulikubali, mimi niliyekuwa nikimsomea barua zake zote, ambazo sasa nakumbuka kila moja iliishia kwa kumwambia asubiri, Mungu yupo. Nilidhani wanamwombea apate mtoto. Niliona haya mpaka nikashindwa kumtazama. Vichupa vyangu vimekaa katika mlango wa friji yake miaka yote hiyo, na kila asubuhi alikuwa akifungua na kuviona.

"Haya, meza," akasema. "Mie nipo."

Nilipima kidole. Sukari ilikuwa nzuri. Nikameza kidonge na bilauri nzima ya maji, na sindano nikaiacha juu ya meza mpaka wakati wake. Nikasimama dirishani. Nilimvutia kiti, akakikataa. Akasimama ubavuni mwangu, sahani mikononi, ananitazama paji la uso kama lina jasho. Yeye hakulazimika kusimama.

Dakika ya kumi na mbili sauti ya wifi ikapanda kutoka chini.

"Mgeni kashafika huko?"

"Kashafika," akaitikia jirani, bila ya kuniondolea macho. "Mpikie chai ikae tayari. Na utie sukari."